Upande wa Dirishani

Asubuhi ile Breki aliingia hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji na anaogopa usije ukamwagika. Watu wa mapokezi wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Walimzoea. Ndiye aliyekuwa akisukuma machela za vyumba vya upasuaji, na hakuna siku aliyopita pale bila kuwaachia kichekesho, kwa hiyo wakadhani hicho ndicho cha siku hiyo. Mmoja akamuuliza kama kichwa kimezidiwa na mawazo. Breki akajibu, bila kugeuza hata jicho, kwamba tangu aanguke ngazini jana yake akiziba bati linalovuja, kichwa hiki si chake tena. Anahisi ni cha kuazima, na akikiachia tu mwenyewe atakuja kukidai.

Mama Shingo alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Alisikia maneno hayo, na yeye hakucheka.

"Breki," akasema, "usigeuke. Usiitikie kwa kichwa. Kaa chini polepole, hapo hapo ulipo."

Mama Shingo alikuwa daktari bingwa wa mifupa ya shingo, mwanamke mwembamba asiyependa kelele, na jina hilo wengine walilitumia akishaondoka. Breki peke yake ndiye aliyemwita hivyo mbele ya uso wake. Katika kazi yake alishawaona watu wachache wakija kwa miguu huku wamejishika kichwa namna ile, na wengi wao walikuwa wamevunjika mfupa wa pili wa shingo bila kujua. Mwili unajua kabla ya mwenye mwili. Mikono inakwenda yenyewe kushikilia kile ambacho mfupa umeshindwa kukishikilia.

Akaweka kikombe sakafuni, akapiga magoti nyuma ya Breki, akaingiza mikono yake chini ya viwiko vya Breki kuvishikilia. Akakaa hivyo hivyo mpaka kola ngumu ilipoletwa. Chai ikapoa pale chini. Watu wa mapokezi waliacha kucheka mmoja mmoja.

Picha zilikuja kabla ya adhuhuri. Mfupa wa pili wa shingo una kigingi kinachosimama wima, na juu ya kigingi hicho ndipo kichwa cha mtu kinapozungukia. Kigingi cha Breki kilikuwa kimekatika shinani. Nyuma yake, karibu kama kidole na kucha, ndipo unapopita ugwe wa neva, uti wa mgongo wenyewe, unaobeba amri ya kupumua. Alikuwa amelala usiku kucha na kitu kile, amenawa nacho uso, amevaa shati, amepanda basi.

Lakini si kigingi kilichomfanya Mama Shingo avute kiti na kukaa karibu na picha. Kigingi dawa yake ilijulikana. Unaingiza skrubu katika mfupa wa kwanza na wa pili, kulia na kushoto, unaziunga kwa vyuma, mifupa inakaa kimya mpaka ishikane. Kilichomkalisha kilikuwa mishipa.

Kila mtu ana mishipa miwili ya damu inayopanda shingoni ndani ya matundu ya mifupa, mmoja kila upande, ikienda kulisha ubongo kwa nyuma. Vitabu vinaichora ikiwa pacha. Lakini watu, kama wasivyofanana sura, ndani pia hawafanani. Mshipa wa kulia wa Breki ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Wa kushoto ndio uliokuwa mnene, ndio uliobeba kazi yote, na ulipofika kwenye mfupa wa pili haukupita njia ya wenzake. Ulipanda juu, ukajipinda, ukaula mfupa kwa ndani tangu Breki akiwa tumboni mwa mama yake, mpaka pale ambapo skrubu ingepita pakabaki ganda tu, mfano wa ganda la yai.

Kwa maneno mengine, uhai wa Breki ulikuwa unapita upande mmoja tu, na kwenye upande huo huo mfupa ulikuwa ganda.

Haikuwa kazi ya kumtisha. Kulia angeweka skrubu ndefu, inayoshika vizuri. Kushoto angeweka fupi, ikomee nje kabisa, mbali na mshipa. Alishafanya hivyo kwa wengine. Unachotakiwa ni kujua tu uko upande gani.

Na hapo ndipo ilipoingia desturi yao.

Katika chumba cha kwanza cha upasuaji, walichopasulia shingo, maneno kulia na kushoto hayakutumika. Mgonjwa wa shingo hulazwa kifudifudi. Picha zinamwonyesha kana kwamba amekutazama. Daktari anasimama kichwani, msaidizi ubavuni, na kila mmoja ana kulia kwake. Miaka ya nyuma, mgonjwa akiwa ameshalala, madaktari wawili walibishana juu ya kushoto ni wapi mpaka wakaanza kunyoosheana vidole. Breki alikuwa bado hajatoka na machela yake. Akasema, "Nyie wasomi mtaua mtu. Semeni mlangoni na dirishani, mambo yaishe."

Wakacheka, na mambo yakaisha. Tangu siku hiyo ikawa hivyo: ndefu mlangoni, fupi dirishani, sogeza taa dirishani, damu inatoka mlangoni. Mlango hauna kulia kwake na kushoto kwake. Wageni waliokuja kujifunza kazi walishangaa siku ya kwanza, siku ya pili wakawa wanasema vile vile. Mama Shingo aliipenda desturi ile, na aliisifia hata kwenye mikutano. Ilikuwa haijawahi kumwangusha.

Jioni alikwenda wodini kumweleza Breki na mkewe. Mke wa Breki alikuwa mwanamke wa maneno machache, fundi wa kushona, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi. Mama Shingo alimweleza kila kitu, mpaka habari ya mshipa uliopotoka njia. Mke akauliza kama mumewe alizaliwa hivyo. Akaambiwa ndiyo, alizaliwa hivyo, na bila ngazi ile angekufa mzee wa miaka mia bila kujua.

"Nimeishi naye miaka yote hii," mke akasema, "sikujua kilichonyooka wala kilichopinda ndani yake. Kumbe hata mishipa yake ni mikaidi."

Breki, kola imemkaba mpaka kwenye masikio, alitaka kujua jambo moja tu. "Pabaya ni upande gani, Mama Shingo?"

"Dirishani."

Akafumba macho. Alikuwa anakitazama chumba cha kwanza akilini mwake, chumba alichoingia na kutoka maisha yake yote ya kazi: taa kubwa katikati, mashine za usingizi ukutani, mlango wa bembea huku, dirisha refu kule. "Basi mlangoni fanyeni mtakavyo," akasema. "Dirishani mniachie."

"Dirishani tunakuachia," Mama Shingo akamwahidi.

Siku ya upasuaji ilipofika, taa ya chumba cha kwanza ilikuwa imeinamisha kichwa. Haikuanguka. Mkono wake wa chuma ulikuwa umelegea, na kila ulipoinuliwa ulishuka wenyewe polepole, kama mtu anayesinzia. Fundi aliitwa, akapanda, akashuka, akasema hawezi kumruhusu mtu alale chini ya kitu kile. Sista Mkuu, muuguzi aliyesimamia vyumba vyote na ambaye hakuna kilichowahi kumkuta bila mpango wa pili, akaamuru vyombo vihamishiwe chumba cha pili.

Chumba cha pili kilikuwa cha wagonjwa wa matumbo. Kwa sura kilikuwa kile kile cha kwanza: vigae vile vile vya kijani, saa ile ile ya duara, dirisha lile lile refu lenye kioo cha ukungu. Vyumba viwili vile vilijengwa vikiwa vimepeana ukuta mmoja katikati, kama viganja viwili vilivyokutanishwa. Kidole gumba cha huku kinatazamana na kidole gumba cha kule. Anayeingia anaona chumba alichokizoea, kila kitu kipo, na kwa sababu kila kitu kipo, haangalii tena kipo wapi.

Machela ya Breki siku hiyo ilisukumwa na jamaa wa kufulia mashuka, na hilo lilimsumbua Breki kuliko kisu. Jina la Breki alilipata kwa sababu ya vizingiti. Kwenye kila mlango wa hospitali ile palikuwa na ukingo wa saruji, na Breki hakuwahi kuuvuka bila kusimamisha machela kabisa, kusema "kizingiti" ili mgonjwa ajue, kisha kunyanyua magurudumu ya mbele kama anayemvusha mtoto shimo. Jamaa wa mashuka aliuvaa ukingo wa kwanza kwa kishindo. Breki akauma meno.

"Kizingiti, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Hiki ni kichwa, siyo mashuka."

Mama Shingo alikuwa anatembea pembeni, mkono kwenye chuma cha machela. Walipofika njia panda ya korido, machela ikakata upande ambao Breki hakuutegemea. Dawa ya kutuliza ilikuwa imeshaanza kumlegeza ulimi.

"Mbona mnanipeleka huku? Huku ni kwa watu wa matumbo. Mimi tumbo langu zima."

Wote wakacheka, Mama Shingo naye akacheka. Akampigapiga begani, akamwambia chumba ni chumba. Baadaye, kila alipoikumbuka siku ile, hakuanzia kwenye keekee ya kutobolea mfupa wala kwenye damu. Alianzia pale koridoni, kwenye kicheko chake mwenyewe.

Mtaalamu wa nusu kaputi, mwanamume mnene mpole ambaye wenzake walimwita Usingizi, akamtia Breki usingizini. Wakamgeuza kifudifudi kwa pamoja kama gogo, Mama Shingo akishika kichwa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha wakamfunika. Yule mtu mwenye vichekesho akapotea chini ya vitambaa vya kijani, pakabaki mraba mdogo wa ngozi iliyopakwa dawa ya rangi ya kahawia. Mraba ule haukuwa na uso wala mikono, haukuwa na kulia wala kushoto. Ulikuwa na mlango upande mmoja na dirisha upande mwingine.

Kabla ya kukata, kama sheria inavyotaka, kila mmoja alisimama. Sista Mkuu akasoma jina la mgonjwa, akasoma kazi itakayofanywa, kisha akauliza kama walivyouliziana miaka yote:

"Ndefu wapi?"

"Mlangoni," akajibu Mama Shingo.

"Fupi?"

"Dirishani."

"Wote tumekubaliana?"

Wakaitikia wote, hata Usingizi nyuma ya mashine zake. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyesinzia. Walikubaliana kwa moyo mmoja.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Nyama zilifunguka bila kutoa damu nyingi, mfupa ukaonekana mweupe na safi, na mashine ya eksirei iliyosimama ubavuni ikaonyesha shingo ya Breki kwa pembeni, imenyooka, inapendeza. Kwa pembeni, mfupa wa kulia na wa kushoto huangukiana katika picha, ikawa kama mmoja. Picha ile ingeweza kumwambia Mama Shingo kama anakwenda juu sana au chini sana. Upande gani, isingeweza kumwambia hata kama angeiuliza siku nzima.

Chumba kilikuwa kimya. Usingizi alikuwa na tabia ya kuimba kwa pua, lakini siku hiyo hakuimba. Mama Shingo alihisi kitu kidogo kikimgusa mahali fulani, kama mtu anapotoka nyumbani na kuhisi amesahau kitu, akajipapasa mifukoni na kila kitu kipo. Akatazama mlango, ulikuwepo. Akatazama dirisha, lilikuwepo. Akaanza na ile ndefu, mlangoni, kwa sababu ndiyo itakayobeba uzito.

Hakutumia mashine ya umeme. Alitumia keekee ya mkono, akiizungusha kidogo kidogo, kusudi vidole vipate habari kabla ya macho. Mfupa wa juu ulikuwa mgumu, unavyotakiwa kuwa. Akazungusha tena. Ukawa mgumu bado. Akazungusha tena, na keekee ikaingia kwa urahisi, kama msumari kwenye ukuta uliolowa.

Akasimama.

Akajiambia ni umri. Mifupa ya watu wa umri ule wakati mwingine ndani ni sponji. Hata hivyo akaitoa keekee, akanyoosha kiganja, na Sista Mkuu akamwekea kipapasio, kijiti chembamba cha chuma chenye kichwa cha mviringo, ambacho kazi yake ni kupapasa kuta za tundu kama kipofu anavyopapasa chumba kigeni. Ukuta wa juu upo. Wa pembeni upo. Wa pembeni mwingine upo. Akakishusha kipapasio mpaka kwenye sakafu ya tundu, kugonga mfupa.

Hakikugonga. Kilitua juu ya kitu laini, na kile kitu laini kikakisukuma.

Kikakisukuma tena. Kikaachia. Kikakisukuma. Nyuma yake mashine ya moyo ilikuwa inalia ti, ti, ti, na kila ilipolia, kile kitu kilimsukuma vidoleni.

Hakuusogeza mkono. Mwili wake wote ulikuwa umehamia kwenye ncha za vidole vitatu.

"Dirisha liko wapi?" akauliza.

Usingizi akadhani baridi inamsumbua. "Limefungwa, Daktari."

"Sikuuliza kama limefungwa. Nimeuliza liko wapi."

Sista Mkuu akageuka. Alilitazama dirisha kwa muda, kisha akautazama mlango, kisha akalitazama tena dirisha. Uso ulifunikwa na barakoa, lakini macho yalionekana.

"Liko kushoto kwako," akasema. Neno hilo halikuwa limesikika kati yao kwa miaka. "Kule chumba cha kwanza lilikuwa…"

Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Hakuna aliyenyanyua sauti. Mama Shingo aliomba nta ya mfupa ikandwe iwe tayari, akamwambia Usingizi aandae damu, akamwambia msaidizi ashike mfyonzo wa damu karibu na asiuguse mwili wa mgonjwa mpaka aambiwe. Kisha akakitoa kipapasio kwa upole ambao hakuwahi kuutumia hata kwa mtoto mchanga.

Tundu likabaki tupu. Halafu likajaa. Damu ilikuja polepole, nyeusi nyeusi, ikafika ukingoni, ikafikiria, ikamwagika kidogo. Haikuruka. Kama ingeruka ikiwa nyekundu, Breki angekuwa ameondoka. Mama Shingo akaziba kwa nta, akaweka kidole juu, akasubiri. Walisubiri wote, saa ya ukutani ikizunguka. Alipoinua kidole, palikuwa pakavu.

Akamaliza kazi. Mlangoni akaweka fupi, mahali pengine kabisa, nje. Dirishani akaweka ndefu, na mfupa wa dirishani ulikuwa mnene, mzuri, ukaishika skrubu kama ulikuwa unaisubiri.

Breki alipozinduka, kitu cha kwanza alichoambiwa ni acheze na vidole vya miguu. Akavicheza vyote. Akakaza ngumi zote mbili. Akasema, kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira wa kupumulia, kwamba ameota anafuliwa pamoja na mashuka. Sista Mkuu akaenda kusimama ukutani, akawapa mgongo kwa muda.

Kisha akamvuta Mama Shingo chumba cha kuvulia glovu. Maneno yake yalikuwa ya mtu mwema. Damu imekoma, alisema, mtu anacheza na vidole, mifupa imeshikwa barabara. Mbona kumtia mgonjwa hofu kwa jambo lililokwisha? Hofu nayo inapandisha damu. Mama Shingo akakubali, na kitu kilichomuuma ni jinsi alivyokubali upesi. Alitoka koridoni, mke wa Breki akasimama kutoka kwenye benchi, nyuzi zimemganda kwenye sketi.

"Tumemaliza," Mama Shingo akamwambia. "Amelala vizuri."

Hakukuwa na uongo ndani ya maneno yale. Mke alimshika mkono, akaubusu.

Ilikuwepo picha ya kuangalia mishipa kwa dawa ya rangi, na Mama Shingo alijiahidi kumpeleka Breki huko kabla hajaruhusiwa. Lakini kuomba picha ile ni lazima useme kwa nini unaitaka. Kesho, akajiambia. Kesho ilipofika, Breki alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji kwa mrija, anawachekesha majirani, na Mama Shingo akasema kwanza apate nguvu. Kila alipopita alimtazama mboni za macho, alimwambia afuate kidole, alimpima miguu. Kila kitu kilikuwepo. Alilala vibaya. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikikumbuka, na akiwa ameshika kalamu au kijiko alihisi vikisukumwa.

Alasiri moja, saa ya kuona wagonjwa, alimkuta mke wa Breki anamkunjia mumewe shati la kwenda nalo nyumbani. Kesho yake ndiyo alikuwa anaruhusiwa. Jua lilikuwa limejaa wodini. Breki alikuwa na furaha, ila akasema ana lalamiko moja kwa uongozi.

"Huyu mfagiaji wenu ana bidii mno, Mama Shingo. Mchana anafagia, usiku anafagia. Mwambieni apumzike, au na yeye anataka kupandishwa cheo?"

Mkewe akatabasamu huku anaendelea na shati. Mama Shingo akageuka kuangalia. Wodi ilikuwa imeshapigwa deki tangu asubuhi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nje ya dirisha palikuwa na uwanja mtupu na kamba za kuanikia.

"Unamsikia sasa hivi?" akauliza.

"Si huyo. Fyu, fyu, fyu. Yuko huku." Breki akainua mkono, akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto.

Mama Shingo alikaa kitandani. Akakivua kifaa cha kusikilizia kutoka shingoni, akakipasha joto kiganjani kama anavyofanya siku zote, akakiweka pale Breki alipogusa. Akafumba macho.

Alikuwepo. Fyu, fyu, fyu, anafagia kwa kufuata moyo, taratibu, bila kuchoka, ndani ya mfupa. Ukuta wa mshipa uliochubuliwa ulikuwa umepasuka kidogo na kuvimba, na damu ilikuwa inazunguka kwenye uvimbe huo ikitafuta pa kutokea. Inaweza kutafuta wiki nzima. Inaweza kuipata njia leo, mtu akiinama kufunga kiatu.

Akakitoa kifaa masikioni. Angeweza kusema ni maji, ni baridi, ni dawa. Shati lilikuwa limekunjwa, liko juu ya mto.

"Breki, usigeuze shingo," akasema. "Nina jambo nilitakiwa kukuambia siku ile ile."

Akamwambia. Hakupamba wala hakujificha nyuma ya maneno ya kitabibu. Alieleza taa iliyoinama, vyumba viwili vinavyotazamana, ndefu mlangoni, keekee, kitu kilichomsukuma vidole. Akaeleza na sauti ile ni ya nini. Kuna daktari katika hospitali nyingine, alisema, anayeweza kupita na waya mwembamba kutoka pajani mpaka shingoni na kuuziba uvimbe kwa ndani, na ataitwa kwa simu sasa hivi. Lakini ule ndio mshipa unaomlisha. Wakiuziba wote, ule uzi wa kulia huenda usitoshe. Wakiuacha, utapasuka. Inabidi kuziba kidonda na kuiacha njia, na hakuna wa kuapa kwamba itawezekana.

Wodi iliendelea na mambo yake. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anamenya chungwa.

Breki akagusa tena nyuma ya sikio lake. "Maneno yale niliyaanzisha mimi," akasema. "Mlangoni na dirishani."

"Wewe uliyaanzisha kwenye chumba kimoja. Niliyeyapeleka chumba cha pili ni mimi."

Mke wa Breki alikuwa amelichukua lile shati tena, amelishika kifuani. Hakulia, na hakupandisha sauti.

"Uliniambia amelala vizuri," akasema.

Mama Shingo akamwambia Sista wa wodi apige simu mbili, ya picha na ya yule daktari wa mishipa, na akisema kwa nini aseme ukweli wote, amtaje yeye. Kisha akaenda mwenyewe kuleta machela. Jamaa wa mashuka alikimbilia kumpokea, akamkatalia. Wakamhamisha Breki kwa pamoja kama gogo, mkewe akashika miguu.

Safari kutoka wodini hadi chumba cha picha ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na milango. Mama Shingo alisukuma. Hakujua kama machela ni nzito namna ile, wala kwamba inapenda kuvuta upande mmoja. Mke alitembea ubavuni, kiganja chake juu ya paji la uso la mumewe. Korido ilipokezana mwanga na kivuli. Breki alikuwa anatazama dari ikimpita, dari ambayo aliwapitisha wengine chini yake maisha yake yote na hakuwahi kuitazama, na Mama Shingo akitazama macho yake yalivyokuwa yametulia, akajua kwamba anamsikiliza mfagiaji.

Wakaukaribia mlango wa kwanza.

"Kizingiti," Breki akasema polepole.

Mama Shingo akafunga breki. Akasimamisha machela kabisa, akazunguka mbele, akainama, akayanyanyua magurudumu kwa mikono miwili, akayavusha.